Mjakazi wa Aravis na michirizi kumi ya simba

Katika vitabu saba vya C. S. Lewis kuhusu Narnia, nchi ya kubuni yenye wanyama wasemao, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956, yumo msichana anayenyweshwa dawa ya usingizi, anachelewa kuamka, anachapwa, kisha habari zake zinakatika. Hana jina. Hasemi neno. Msomaji hamwoni akinywa wala akichapwa. Anasikia tu, kwanza kwa aliyemponza na baadaye kwa simba. Yumo katika kitabu cha tano, The Horse and His Boy, cha mwaka 1954, na ukiziweka pamoja sentensi zote zinazomtaja hazijazi ukurasa. Lakini nikisoma kitabu hicho na vijana wa sekondari hapa Dodoma, vita, jangwa na mwana wa mfalme aliyegeuzwa punda hupita salama. Ubishi unaanzia kwa mjakazi.

Ubishi wenyewe huzunguka palepale kwa sababu watu wanajibizana juu ya mambo tofauti wakidhani ni jambo moja. Mmoja anasema nani alikosa. Mwingine anasema kosa lilikwisha kulipwa. Wa tatu amekasirika tu kwamba mwandishi hakusema msichana aliishia wapi. Ukiyatenganisha, kila moja lina jibu lake, na majibu hayafanani.

Calormen ni dola iliyo kusini mwa Narnia, nchi ya jangwa, vilemba, panga za kupinda na watumwa. Aravis ni binti wa Kidrash Tarkaan, mtawala wa jimbo la Calavar. Kaka yake mkubwa amefia vitani, na mama wa kambo hampendi hata kidogo. Ndiye anayemshawishi baba amwoze Aravis kwa Ahoshta, mtu wa miaka sitini na ushei, mwenye kibyongo na uso kama wa nyani, ila ana mali na cheo chake kwa mfalme kinapanda kila siku. Aravis anachukua kisu cha marehemu kaka yake, anaingia msituni kwenda kujiua. Farasi wake jike, Hwin, anafungua kinywa na kumzuia: kumbe ni farasi asemaye, aliyeibwa Narnia angali mtoto. Hapo ndipo wanapopanga kutoroka.

Mpango una hila tatu. Aravis anajifanya amefurahia ndoa, anamwomba baba ruhusa ya kwenda msituni siku tatu pamoja na mtumishi mmoja wa kike, kutimiza ibada ambazo wasichana wa huko humfanyia mungu wao Zardeenah kabla ya kuolewa. Anamwomba mtumwa mzee wa baba yake, karani wake, amwandikie barua ya uongo. Na usiku wa kuondoka, katika kikombe cha yule mtumishi wa kike, anatia dawa itakayomlaza usiku na mchana mzima. Nyumba nzima ikishalala, anavaa deraya ya kaka yake, anachukua fedha na vito, anapanda farasi.

Vijana wa hapa huwa upande wa Aravis mara moja, na siwashangai. Ndoa ya kulazimishwa hawahitaji kuelezwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019, na Bunge lenye kazi ya kubadili sheria linakutana katika mji huu huu tunaosomea. Kwa hiyo msichana anayepanda farasi usiku kumkimbia mzee wa miaka sitini hapingwi na mtu. Wanapiga makofi. Kisha wanafika mahali Shasta anapouliza.

Shasta ni mvulana aliyekutana na Aravis njiani, naye mtoro. Amesikiliza hadithi yote, iliyosimuliwa kwa madoido, maana Calormen watoto wa wakubwa hufundishwa kusimulia kama sisi tunavyofundishwa insha. Hasifii farasi wala ushujaa. Anauliza: yule msichana uliyemtilia dawa, yalimpata yapi? Aravis anajibu bila kutikisika kwamba bila shaka alichapwa kwa kulala kupita kiasi. Alikuwa chombo na mpelelezi wa mama wa kambo, na yeye anafurahi sana kama wamemchapa. Shasta anasema hiyo si haki hasa. Aravis anamjibu kwamba hakufanya yote hayo ili kumpendeza yeye. Habari ya mjakazi inaishia hapo na safari inaendelea.

Ona ni nani aliyeuliza. Shasta amelelewa katika kibanda cha mvuvi aitwaye Arsheesh, akiosha na kushona nyavu na kumpikia mtu asiyemzaa. Usiku aliotoroka alikuwa ametega sikio ukutani, akimsikia Arsheesh akipatana bei na bwana mmoja mkubwa aliyetaka kumnunua, bwana akianzia hilali kumi na tano, hiyo ikiwa ndiyo sarafu ya huko. Mtoto aliyewahi kusikia bei yake mwenyewe ikitajwa hawezi kuisikiliza hadithi ya Aravis kutoka juu ya farasi. Anaisikiliza kutoka upande wa kikombe. Hwin, farasi mwema, hakuuliza. Bree, farasi wa vita mwenye majivuno, hakuuliza. Katika watu na wanyama wanne waliokuwapo, aliyeuliza ni yule aliyenusurika kuuzwa.

Sasa, nani alikosa? Hapa ndipo vijana wa Dodoma wanaponizidi, kwa sababu wengi wamelelewa na dada wa kazi na wanajua nafasi yake ndani ya nyumba kuliko mwandishi wa Oxford alivyoweza kuijua. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, nyumba za Kisasa, Ilazo na Nzuguni zimejaa familia za watumishi wa umma, na nyingi zina binti aliyetoka Chemba, Bahi, Kondoa, Mpwapwa au ng'ambo ya Singida. Dada wa kazi si mtumwa, na sitaki kuwafananisha. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka Sh 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, CHODAWU, kipo. Mjakazi wa Calormen hana sheria, hana mshahara na hana pa kwenda kushitaki.

Kinachofanana ni jambo dogo na chungu: kuwekwa katikati ya ugomvi wa wenye nyumba. Mama anamwambia dada, huyu mtoto akiongea na simu usiku uniambie. Mtoto anamwambia dada, ukisema utaona. Asiposema ni mwongo, akisema ni mbea, na vyovyote itakavyokuwa mkoba wake ndio utakaokaguliwa. Msichana mmoja darasani alisema Aravis anamwita mpelelezi kana kwamba aliomba kazi hiyo. Ile methali ya fahali wawili na nyasi haimtoshi mjakazi huyu, maana nyasi hazitumwi kwenda kuchungulia.

Ukihesabu mikono iliyomgusa, ni mingi. Baba alikubali kumuuza binti yake kwa cheo. Mama wa kambo alimfanya mtumwa awe macho yake. Aravis alitia dawa akijua wazi kitakachofuata. Hilo tunalo kwa kinywa chake mwenyewe, na ndilo linalomwondolea utetezi wa kusema hakufikiri. Na kuna aliyeshika kiboko, ambaye kitabu hakimtaji. Kosa la Aravis si kutoroka. Alikuwa na haki ya kutoroka, tena mapema. Kosa lake ni kwamba alijua nani atalipia nauli yake, akafurahi.

Baadaye sana, wakiwa wameshaingia Archenland, nchi iliyo kati ya jangwa na Narnia, simba anawatokea na kuwafukuza. Aravis na Hwin wamebaki nyuma. Simba anamfikia Aravis na kumkwaruza mgongo kwa makucha. Shasta anaruka kutoka juu ya Bree na kurudi mbio, mikono mitupu, kumkabili. Simba anageuka na kwenda zake. Wanakimbilia kwa mzee mtawa anayeishi peke yake, naye anamlaza Aravis kifudifudi na kumwosha. Mzee huyo anashangaa. Simba wa kawaida angemng'oa mtu juu ya farasi na kumtia meno. Huyu ametelezesha makucha tu. Michirizi ni kumi, anasema, inauma lakini si ya kina wala ya hatari, haizidi majeraha ya kiboko. Aravis anaona amepata bahati. Mzee anamjibu kwamba ameishi miaka mia moja na tisa na hajawahi kukutana na kitu kiitwacho bahati.

Msomaji makini ameshapewa kila kitu hapo: kumi, kiboko, na bahati iliyokataliwa. Lakini mtoto anayesoma mara ya kwanza hapiti akifikiria mjakazi. Sura nyingi zimepita tangu Shasta aulize. Ndiyo maana ufunuo unagonga. Aslan, simba bwana wa Narnia, anakuja uwanjani kwa mtawa, anamwita Aravis asogee, anamwonyesha kwamba makucha sasa yamerudi ndani. Kisha anamwambia kuwa yeye ndiye aliyemjeruhi. Majeraha yale, mpasuko kwa mpasuko, maumivu kwa maumivu, damu kwa damu, yalikuwa sawasawa na michirizi iliyochapwa mgongoni mwa mtumwa wa mama yake wa kambo kwa sababu ya usingizi ule wa dawa. Ulihitaji kujua inavyokuwa, anasema.

Hapo darasa hugawanyika. Wapo wanaosema basi, Aravis amelipa, ngoma droo. Safari moja kijana alisema hivyo kwa kujiamini sana, na msichana aliyekaa nyuma akamuuliza: alilipa kwa nani?

Swali hilo linafumbua fundo lote. Deni hulipwa kwa anayedai. Ukinivunjia chungu changu kisha mtu akakuvunjia chako, vyungu viwili vimevunjika na mimi bado sina pa kupikia. Mjakazi hakupata kitu kutokana na michirizi ya Aravis. Hakujua hata kama ilikuwapo. Na kitabu chenyewe, ukikisoma polepole, hakidai kwamba alilipwa. Aslan hasemi deni limekwisha. Anasema ulihitaji kujua. Hilo ni somo, tena ni somo kwa ajili ya Aravis, na mwili wa mjakazi umekuwa kitabu cha kiada cha mwenzake. Wanaomtetea Aslan kwa kusema alitenda haki wanamtetea kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulidai. Wanaomshutumu kwa kutolipa wanamshutumu kwa ahadi ambayo hakuitoa.

Kama somo, limefanya kazi, na hilo nalo tulitoe kwa haki. Aravis anayesimama mbele ya simba si yule aliyesema anafurahi. Jambo la kwanza analouliza baada ya kuelezwa si kuhusu mgongo wake. Anauliza kama msichana yule atapata madhara zaidi kwa sababu ya alichokifanya. Swali la Shasta limehamia kinywani mwake. Kwa hesabu za hadithi ya kukua na kujirekebisha, hapo ndipo Aravis anapokuwa mtu mzima.

Lakini yale maneno ya mpasuko kwa mpasuko na damu kwa damu yana chanzo, na katika mji huu wa makanisa si lazima nikielekeze kwa mbali. Lewis alikuwa Mwanglikana, Aslan wake ni sura ya Kristo, na sentensi ile imefuata mwendo wa Kutoka 21: jicho kwa jicho, jino kwa jino, jeraha kwa jeraha, chubuko kwa chubuko. Wengi huishia aya ya 25. Aya mbili zinazofuata zinaendelea moja kwa moja na watumwa: mtu akimpiga mtumwa wake au kijakazi chake akamharibu jicho, atamwacha huru kwa ajili ya jicho lake, akimng'oa jino, atamwacha huru kwa ajili ya jino lake. Yaani sheria hiyo ya zamani, kali kama ilivyo, ilipofika kwa mtumwa aliyeumizwa na bwana wake haikusema bwana naye ang'olewe jino. Ilisema mtumwa aondoke. Aliyeumizwa ndiye apate kitu.

Lewis amechukua nusu ya kwanza ya sheria na kuiacha ya pili. Amesawazisha majeraha kwa uangalifu wa mhasibu, kumi kwa kumi, na mlango wa mjakazi haukufunguliwa. Sidhani alifanya hivyo kwa ukatili. Nadhani kamera yake, kama tunavyosema siku hizi, ilikuwa imemwelekea binti wa Tarkaan tangu mwanzo, na mjakazi aliingia kwenye picha kwa sababu tu alihitajika kulala.

Linganisha na kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Humo pia kuna viboko vya ajabu: Adili, liwali wa Janibu, anawachapa manyani wawili kila usiku, kwa siri, huku moyo wake ukimuuma. Msomaji anaona viboko kwanza, maelezo baadaye, kama kwa Aslan. Lakini maelezo yanapokuja yanakuja yote: manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa uovu wao, na kuchapwa ni amri ambayo Adili hana uwezo wa kuikwepa. Tunajua waliochapwa ni akina nani, walifanya nini, na adhabu ilikomaje. Shaaban Robert hakuacha mgongo wowote bila mwenyewe.

Tufike kwenye jambo la tatu, lile la hasira. Aravis alipouliza kama mjakazi atadhurika zaidi, Aslan alimjibu: ninakusimulia habari yako, si yake, hakuna anayesimuliwa habari isipokuwa yake mwenyewe. Jibu hilo si geni kitabuni. Shasta naye alipomuuliza Aslan, gizani kwenye ukungu mlimani, kwa nini alimjeruhi Aravis, aliambiwa vivyo hivyo.

Kuna njia ya kulisoma jibu hilo kwa heshima, nami naipenda. Aravis amezoea kuwa na amri juu ya watu wa namna hiyo. Kumnyima habari za mjakazi ni kumwambia kwamba yule msichana ana maisha yasiyokuhusu, hana deni la kukutuliza moyo, na huwezi kumaliza hatia yako kwa kusikia kwamba aliishi raha mustarehe. Ni adabu. Mtu aliyemkosea dada wa kazi wa zamani, akampigia simu miaka kumi baadaye ili aambiwe "yameisha," anaweza kulielewa jibu la simba.

Ila kanuni hiyo inambana Aslan. Haimbani msimulizi. Msimulizi wa kitabu hiki hana aibu ya kutueleza habari za watu wasiomwuliza. Anatuambia Rabadash, yule mwana wa mfalme wa Calormen, alivyogeuzwa punda na kurudishiwa umbo lake hekaluni mwa Tash, mungu wa Calormen, akiwa ameonywa asiende zaidi ya maili kumi kutoka hapo maisha yake yote, na alivyotawala baadaye. Anatuambia Shasta na Aravis walivyogombana na kupatana miaka mingi hadi wakaoana, ili waendelee kugombana na kupatana kwa urahisi zaidi. Angeweza kuongeza mstari mmoja. Mtoto anayesoma hangeona kanuni yoyote imevunjwa. Kwa hiyo tusimsingizie simba ukimya wa mwandishi.

Na ukimya huo una kawaida yake katika vitabu hivi. Katika kitabu cha kwanza, cha 1950, watoto wanne wanapelekwa nyumbani kwa Profesa mzee, shamba, kukwepa mabomu ya London. Tunaambiwa ana msimamizi wa nyumba, Mrs Macready, na watumishi watatu. Majina yao yametiwa kwenye mabano: Ivy, Margaret na Betty, pamoja na maelezo kwamba hawaingii sana katika hadithi hii. Ni kweli hawaingii. Majina wanayo, tukio hawana. Mjakazi wa Calormen ana tukio, tena zito, na jina hana.

Lakini si kwamba Lewis hakuwajua watumishi. Alizaliwa Belfast mwaka 1898, katika nyumba yenye watumishi, na katika kumbukumbu zake za 1955, mwaka mmoja tu baada ya kitabu hiki, anamtaja yaya wake Lizzie Endicott kwa sifa ambazo hampi karibu mtu mwingine yeyote: kwamba hata kumbukumbu ya mtoto, isiyosamehe, haioni dosari kwake. Ndiye aliyemsimulia hadithi za kale za Ireland. Mtu aliyelishwa hadithi na mtumishi, alipokuwa bingwa wa hadithi, wa kwake aliwaweka kwenye mabano. Nalisema bila kumlaumu sana. Waandishi wengi wa kizazi chake hawakufika hata kwenye mabano.

Kisha kuna kicheko. Jijini Tashbaan, Aravis anajificha kwa rafiki yake Lasaraleen, msichana wa kitajiri anayependa nguo na karamu. Ili watumwa wake wasitoboe siri, Lasaraleen anawatishia: atakayesema atapigwa hadi afe, kisha achomwe moto akiwa hai, na baada ya hapo alishwe mkate na maji kwa wiki sita. Darasa zima hucheka, nami hucheka nao, maana vitisho vimepangwa kipumbavu. Lakini ukitoka hapo ukaenda kwenye michirizi kumi, unaona kitabu kimetaka tucheke viboko katika sura moja na tuvihesabu kwa uchungu katika nyingine, na tofauti ni mgongo wa nani unaozungumzwa.

Lipo pia jambo la mahali. Utumwa, katika kitabu hiki, uko Calormen peke yake. Narnia na Archenland ni nchi za watu huru. Wasomaji wengi wamelalamika kwamba Calormen imeshonwa kwa vipande vya Mashariki ya hadithi za kale, hilali, vilemba na salamu za "aishi milele," na malalamiko hayo nayaona ya haki. Ni rahisi mno kuupeleka utumwa ng'ambo ya jangwa. Anayekisoma kitabu hiki katikati ya Tanzania hana nafasi hiyo. Njia ya misafara ya watumwa na pembe kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo ilikatiza Ugogo. Kilimatinde na Mpwapwa ni vituo vyake, na njia hiyo imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Lewis akiwa kijana wa miaka 23 akisoma Oxford. Waliopita hapa hawakuwa wa hadithini, na wengi wao, kama mjakazi wetu, walipita bila jina lao kuandikwa mahali popote.

Niliahidi kutenganisha mambo, basi hesabu inasimama hivi kwa maoni yangu. Aravis alimkosea mjakazi, ingawa si peke yake, na Aslan hakusema ni peke yake. Makucha hayakulipa kitu. Yalifundisha, na yakafaulu. Jibu la simba kwa Aravis ni zuri. Kunyamaza kwa msimulizi ni jambo jingine, na hilo halina utetezi ninaoujua.

Na bado kuna mmoja ambaye wabishi wetu wote wamemsahau, nami nilimsahau mpaka juzi nilipoirudia sura ya tatu. Yule mzee karani. Alikuwa mtumwa wa baba yake Aravis, amempakata tangu utotoni na kumpenda. Aravis alimwapiza atunze siri, akamwomba aandike barua kwa jina la Ahoshta, ikidai kwamba Ahoshta amekutana na Aravis msituni na kumwoa hapohapo. Mzee alilia, akamsihi abadili nia, mwishoni akasema kusikia ni kutii, akaandika. Barua hiyo ilikuwa ya uongo kuhusu mtu aliye hai, tajiri, mwenye cheo na anayeweza kuikana siku atakapoulizwa. Katika nyumba ya Tarkaan wenye mwandiko wa kuandika barua ya namna hiyo si wengi. Mjakazi alichapwa kwa kulala. Karani aliandika akiwa macho, akijua. Hakuna mchirizi uliohesabiwa kwa ajili yake, Aslan hamtaji, Aravis haulizi, na safari hii hata Shasta hakuuliza.